Siku Jiwe la Barafu Lilipoamka

Huku milimani, mwezi wa Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi mguu wako? Vipi usingizi? Unakula, au Tatu anapika na wewe unakoroga sahani tu mpaka chakula kinapoa? Mimi mwili mzima. Kikohozi kimekwisha, na vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi vimerudi vyote, vya mikono na vya miguu.

Tatu, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma taratibu. Akilia, mngoje. Usiruke mahali, hata pale nitakapokutaja wewe.

Mama, habari ya baba nimeipata. Nimeipata ikiwa imechelewa sana, na nataka ujue ilivyochelewa, maana katika barua yako umeuliza kwa nini nimenyamaza, na mjomba Shabani naye ameuliza kama huku kwa Warusi watu husahau kwao. Sikunyamaza, mama. Sikuwa najua.

Kazi yangu uliwahi kuniuliza, nikakujibu kwa mkato. Leo nakueleza, kwa sababu imeingiliana na msiba wetu na siwezi kuvitenganisha.

Mbali sana, kati ya sayari mbili kubwa, Mshtarii na Zohali, kuna mawe ya barafu na vumbi. Mshtarii unaijua. Ni ile nyeupe kubwa isiyometameta, ambayo baba alikuwa akiitazama alfajiri akitoka kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Basi huko jua halina nguvu, ni kama kibatari kilichowekwa upande wa pili wa uwanja wa mpira. Mawe yenyewe ni makubwa. Hili langu wanakisia upana wake ni kama kutoka kwetu Goweko hadi Tabora mjini, lakini kwa umbali uliopo hata kwenye darubini ni nukta tu. Hayakai njia moja siku zote. Jiwe likipita jirani na Mshtarii, linavutwa na kupindishwa. Mengine yanatupwa nje na hayaonekani tena. Mengine yanaletwa huku ndani kwenye joto, yanafuka mvuke, yanaota mkia, na tangu hapo yanalizunguka jua kwa safari fupi fupi, yanakwenda na kurudi kila baada ya miaka michache, mpaka barafu inakwisha. Hizo ndizo nyota za mkia ambazo bibi alisema zikionekana kuna njaa.

Mkuu wetu hapa kwenye kituo cha darubini ninakosomea, Profesa Viktor, hataki kuyangoja yafike. Anataka kuyakuta yakiwa bado kule kwenye baridi, ajue ni yapi yanaanza kufuka kabla ya wakati, na kwa nini. Kila mmoja wetu amepewa yake ya kulinda. Langu halina jina, lina namba. Unaweka kioo chenye dawa ya kupigia picha nyuma ya darubini, unafungua, halafu unakaa jicho likiwa kwenye tundu na mkono kwenye gurudumu dogo, ukiisogeza darubini kidogo kidogo ifuate mbingu inavyokwenda, kioo kinywe mwanga wa kutosha. Moto hauruhusiwi humo ndani, kwa sababu hewa ya joto inatikisa picha. Kope zinaganda. Mchana unalala kidogo, kisha unaingia chumba cha vipimo, unatazama vile vioo kwa hadubini mpaka macho yanatoa machozi. Mara nyingi hakuna kitu, au mawingu yamekula kila kitu. Mwaka mzima nimepiga picha ya nukta, mama, na nukta ilibaki nukta.

Mwezi wa Januari theluji ilianguka mpaka barabara ya kushuka mjini ikazibwa. Lori la chakula likaacha kupanda. Tulikula viazi, kabichi ya chumvi na mkate unaopasua fizi. Waya wa simu ulikuwa mzima, tuliongea na watu wa mjini karibu kila siku, lakini barua na magazeti vyote vilibaki chini vikingoja lori.

Katika siku hizo mbingu ikasafika. Nilipiga picha, na kulipokucha nikaisafisha kwenye dawa pamoja na Larisa. Huyu Larisa ni mwenzangu wa kazi, mtoto wa mji huu wa chini, mkali wa maneno lakini hana roho mbaya. Akakiinua kioo kwenye taa nyekundu.

"Idi, umetikisa darubini," akasema. "Jiwe lako limechafuka."

"Sikutikisa. Tazama nyota za pembeni."

Akatazama. Nyota zote zilikuwa nukta safi kama zimechomwa kwa sindano. Jiwe peke yake lilikuwa limevimba, limezungukwa na ukungu, kama tone la wino lililoangukia karatasi mbichi. Alitoka mbio na kioo kikichuruzika maji kwenda kumwamsha Profesa.

Profesa Viktor alikuja amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Alikikagua kile kioo kwa muda mrefu, anakiweka, anakichukua tena, halafu akanibusu mashavu yote mawili. "Limeamka," akasema. "Hesabu zinaonyesha litapita karibu na Mshtarii, na likishapita litageuzwa kuja ndani. Na wewe umelikuta likiamka bado liko njiani!" Wakafungua kopo la samaki lililokuwa limefichwa kwa sikukuu. Mpishi akaleta sufuria, nikazigeuza ngoma, nikawapigia midundo ya kwetu na kuwafundisha kukanyaga. Mama, nilicheza. Tangu nifike nchi hii sijacheka vile.

Baadaye nililinganisha siku. Asubuhi ile ndiyo ile uliyoandika kwamba mjomba Shabani alikuwa anamwosha baba, na adhuhuri mkamzika.

Nimekuandikia tu ujue kwamba mtoto wako hakuwa amekasirika na kwao wala hakuwa amelewa mahali. Alikuwa anapiga sufuria.

Theluji ilipolegea lori likapanda. Dereva wake ni mzee mmoja anaitwa Yerlan, si Mrusi, ni wa makabila ya nyika za huku, watu wa farasi na kondoo. Tulimpokea kama bwana harusi kwa sababu ya unga. Nilikuwa nimebeba gunia begani aliponiita, anatabasamu, akitoa karatasi ndani ya koti lake.

"Idi! Hii ni yako, imekaa posta muda mrefu. Yule mama wa posta hakuweza kuisoma, na mimi nimeshindwa. Neno moja tu tumelitambua. Mama yako amekutafutia mke, siyo?"

Mama, kwa Kirusi neno "baba" ni mwanamke. Ile telegramu yenu ilikuwa ya Kiswahili, na katika maneno yote waliona hilo moja, wakacheka, wakaiweka kwenye fungu la salamu. Ingekuwa kwa Kirusi wangenipigia simu siku ile ile. Siwalaumu. Tatu, na wewe usijilaumu. Najua ni wewe uliyekwenda nayo posta ya Tabora, na ungewezaje kujua?

Niliisoma nikiwa na gunia begani. Herufi nyingine zilikuwa zimepotoshwa, lakini BABA AMEFARIKI ilikuwa wazi kabisa.

"Mwanamke gani huyo?" mzee Yerlan akauliza tena.

"Si mwanamke," nikamwambia, kisha nikalitaja lile neno lao la baba mzazi. "Amekufa."

Alinishusha lile gunia yeye mwenyewe. Akavua kofia yake ya manyoya, akanivuta nyuma ya lori mahali ambapo watu wa jikoni hawaoni, akachuchumaa kando ya gurudumu na kufungua viganja. Akaanza Alhamdu. Matamshi yake ni ya kwao, na mahali pawili alikwama, nikamkumbusha, akaendelea. Hapa mambo hayo hayafanywi hadharani, na zaidi ya hapo sisemi. Lakini baba alisomewa Fatiha huku, mama, kwenye theluji, na mtu aliyejifunza kwa bibi yake.

Kisha nikalala. Sijui niite ugonjwa au nini. Larisa alishika zamu zangu bila kuulizwa, akawa ananiletea supu na kuiweka sakafuni mlangoni kwa sababu nilikuwa sifungui. Profesa alikuwa akija, anakaa kwenye kiti, kisha anaondoka. Mwishowe nilinyanyuka kwa sababu kulala kulikuwa kunachosha kuliko kazi. Nikarudi chumba cha vipimo, na kioo cha kwanza kilichonisubiri mezani kilikuwa kile cha asubuhi ile. Nilikipima. Ukungu una upana wake, mwanga una kiasi chake, lazima mtu aandike. Niliandika. Nilikuwa natazama lile jiwe na kumwona baba anavyofunga mzinga wa nyuki kwa kamba ya gome, anaukaza kwa meno.

Lori la pili ndilo lililoleta barua yenu. Hapo nikajua yaliyobaki: kwamba baba alianguka akirudi kurina asali, kwamba hakuteseka sana, na kwamba wakubwa wa wilaya wamekuja na kusema mvua zikiisha nyumba zote za barabara ya zamani zihamie kijiji kipya karibu na stesheni. Umemwambia Tatu aandike hivi: "Wanataka kunihamisha nami nimo ndani ya eda, na udongo wa mume wangu haujakauka. Mimi sihami. Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukisema nihame nitahama, ukisema nikae nitakaa, waje wanibebe na kitanda."

Mama, uliniweka mahali pagumu. Nilishuka mjini na mzee Yerlan kwenda kupiga simu ubalozini Moscow, maana simu yetu ya huku juu inaishia mjini. Nikaomba ruhusa nije, hata kwa muda mfupi. Ndugu aliyeipokea simu alikuwa mtu mwema, ni wa kutoka Nzega, alinipa pole kwa lugha ya kwetu. Lakini alisema tiketi ya serikali ni moja, nayo ni ya mwisho wa masomo. Nikakata simu.

Tukiwa tumesimama mlimani lori lipoe, mzee Yerlan aliniuliza nina nini. Nikamwelezea: mama, kaburi, kijiji kipya.

Alimenya yai. Halafu akasema, "Na sisi tulihamishwa. Nilikuwa mdogo. Tulikuwa watu wa kuhama kwa hiari yetu, na mifugo, wakaja kutuambia tukae mahali pamoja. Mama yangu alikufa mwaka ule. Tulimzika nyikani, tukaondoka."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Ningejua ningekuwa hapa nakula yai?" Akatupa maganda nje. "Nimezunguka nyika ile na lori hili miaka mingi. Ni majani tu. Hatukuweka hata jiwe, tulidhani tutarudi upesi. Mwambie mama yako ahame, wasije wakamwumiza. Lakini kwanza waweke mawe. Mengi, makubwa, ambayo trekta haliwezi kuyasukuma kwa mzaha."

Haya nayaandika kwa ufupi, wala usiyasimulie kwa watu. Ila nilitaka ujue jibu langu limetoka kwa mtu anayejua, halikutoka kichwani kwangu tu.

Jambo lingine. Wiki iliyopita Profesa aliniita. Ameandika kwa wakubwa wake, wamekubali nibaki hapa masomo yakiisha, mpaka jiwe langu lipite karibu na Mshtarii na kugeuka. Chumba, posho, kila kitu. Akanionyesha karatasi ya hesabu za mashine, njia ya jiwe imechorwa, mahali pa kupinda pamewekwa alama.

"Watu wachache sana wamelifuata moja tangu likiwa huko mpaka likageuka nyota ya mkia," akasema. "Likigeuka, unataka uwe wapi?"

"Nyumbani," nikasema. Hata mimi nilishangaa lilivyotoka upesi.

"Utasoma habari zake kwenye majarida, Idi. Zimeandikwa na wengine."

"Nitasoma."

Alivua miwani akajifuta uso. Hakugomba. Larisa ndiye aliyegomba. Aliniambia mimi ni mpumbavu, kwamba baba yangu hafufuki nikirudi, kwamba nitafundisha kujumlisha na kutoa mahali ambapo hakuna hata taa. Nikamwambia pasipo na taa ndipo nyota zinaonekana vizuri. Hakucheka. Kesho yake alikuja na kalamu na kuniambia nimwonyeshe jinsi ninavyolifuata lile jiwe, mahali ninapoanzia, nyota zipi nazitumia kama alama. Nimeanza kumkabidhi. Ana mkono mzuri kuliko wangu, halitapotea.

Usidhani nimefanya jambo la kishujaa, mama. Nimechoka. Nimechoka baridi, nimechoka kulala mchana kama popo, nimechoka lugha ambayo neno langu la baba ni kichekesho cha posta. Uliwahi kuuliza hilo jiwe litatupa nini. Halitatupa kitu. Halijui hata kama tupo. Nalipenda lakini, na likizama nyuma ya jua mwezi ujao nisilione tena, najua nitaumia, na sitakuwa na mtu wa kumwelezea huko. Nitakueleza wewe hata kama huelewi. Utakuwa unachambua karanga, unaitikia.

Basi, jibu lako ni hili. Mama, hama. Ila usihame leo. Mwende kwa balozi wa nyumba kumi, mjomba Shabani akiwa mbele, mumwambie mjane yumo katika eda na anaomba amalize kwanza kwenye nyumba ya mumewe. Ni mtu wa pale pale, mke wake tulimuuguza sisi, atatusemea kwa wakubwa. Wakikataa kabisa, Tatu aende Tabora kwa sheikh aulize. Naamini atasema mtu aliyelazimishwa hana dhambi, na utaimalizia eda huko huko utakakopelekwa. Usingoje kubebwa na kitanda. Sitaki habari hiyo inifikie kwa lori.

Kabla ya hapo, kaburi lijengewe. Mawe yako mengi kule kwenye korongo ambako baba alikuwa akifukia mihogo. Vijana wachimbe msingi kwanza, wasiyapange juu juu. Upande wa kichwani wapande minyaa, haiulizi mvua. Nyumba wang'oe milango, madirisha na miti ya paa, vyote baba alivichonga mwenyewe, mkavitumie kule. Mizinga iliyo porini iachwe ilipo. Nyuki hawahamishwi na wilaya, na kwa ajili ya kuirina tutakuwa na sababu ya kupita pale kaburini.

Mimi nitakuja masomo yakifungwa, kiangazi cha huku, mvua za kwenu zikiwa zimeisha kitambo. Utakuwa umeshahama. Nitashuka garimoshi hapo hapo stesheni, nawe utakuwa karibu kuliko zamani, hilo angalau wametufanyia.

Nisalimie mjomba Shabani, mwambie ahsante kwa mikono yake iliyomwosha baba mahali pangu. Mama mdogo wa Bukene, aliyekuja kukaa nawe, mpe shikamoo na umwambie michembe ya viazi aliyonifungia mwaka nilioondoka niliila kidogo kidogo mpaka majira ya baridi. Bibi kizee jirani, aliyekuletea uji, umwambie nimesikia. Tatu, wewe nilisema nitakutaja: umebeba msiba huu kama mtoto wa kiume mkubwa, na mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Pumzika sasa. Usiache shule kwa ajili ya kuhama, mtu asikudanganye.

Balozi naye msalimieni kwa heshima. Najua atapita na daftari kugawa viwanja kijijini kule, na atauliza nyumba hii ina watu wangapi. Mtakuwa wawili mlangoni. Mama, usiseme wawili. Sema watatu, asimame hapo hapo mpaka aandike.

Mwanao,

Idi